Kumbe lifti ndio inashika nyumba

Kuna wakati nilifanya mjengo hapa Upper Hill, Nairobi, mtu wa mkono, leo karai kesho kufunga chuma, na kitu kilinisumbua akili ni ule mnara wa konkriti katikati ya saiti. Ulikuwa unapanda peke yake, slabu, yaani sakafu za konkriti za kila floo, ziko nyuma floo tatu nne hivi, mnara uko huko juu na matundu ya milango yasiyo na pa kukanyaga. Mi nilidhani ni tangi la maji. Foromani akacheka sana, akasema humo ndani zitakaa lifti, ngazi na mabomba, lakini kazi yake kubwa ni upepo.

Upepo? Eeh. Nguzo za pembeni zinabeba uzito kuteremka chini, lakini nyumba ndefu inasukumwa ubavuni, tetemeko likija ni hivyo hivyo, na nguzo nyembamba zikiachiwa hiyo kazi nyumba itayumba vibaya. Kwa hivyo kila slabu inapokea msukumo inaupeleka kwa huo mnara, na kuta zake nene ndizo zinaushusha mpaka kwa msingi. Konkriti ukiikandamiza haina shida, ukiivuta inapasuka haraka, kuvutwa ni kazi ya chuma, ndio maana tulifunga mpaka vidole vikaota sugu.

Sasa aibu yangu. Siku moja lori la konkriti lilikwama kwa jam Mombasa Road, likafika mzigo umeanza kukaza, nami kwa ujuaji wangu nikashika mpira wa maji nikaongezea ili ishuke laini. Wueh! Foromani alilirudisha lori lote. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu ndani, nguvu inapotea, na huwezi kujua kwa macho. Ndio maana kila siku ya kumwaga tulikuwa tunajaza konkriti kwa vile vibati vya sentimita 15 kila upande, vipande vikishika vinalazwa majini, vingine vinapondwa siku ya 7, vingine siku ya 28, kupima nguvu. Nilirudishwa karai wiki mbili, na sikulalamika.

Siku hizi nikipita mjini naangalia lile jumba la mikutano la KICC la 1973, mita 105, kisha Britam Tower inayokaribia mita 200, na macho yanaenda moja kwa moja katikati. Kwangu mtaani Pipeline nakaa floo ya sita, lifti hakuna, na swali la nani anashika upepo pale nimekataa kuliuliza.