Èze bila gari, na mama wa miaka 63

Kabla hatujaondoka Lyon, karibu kila tuliyemwuliza alitusisitizia tukodi gari, kwa madai kwamba Côte d'Azur, ule mwambao wa kusini mashariki mwa Ufaransa, hautembeleki bila gari. Ushauri huo haukuwa sahihi hata kidogo. Mimi na mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, tulikaa Nice, jiji la mwambao huo, siku 5 na tukafika kila tulipopataka bila kushika usukani.

Treni ya kawaida kutoka Nice hadi Menton, mji ulio jirani na mpaka wa Italia, hupita kandokando ya bahari na kusimama Villefranche-sur-Mer, Beaulieu, Èze na Monaco, na nauli yake ni euro chache tu. Kaeni upande wa kulia mnapotoka Nice, kwani bahari iko upande huo.

Taabu tuliipata Èze. Kituo cha treni kiko ufukoni, ilhali kijiji chenyewe kimejengwa juu ya jabali, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mwenyeji wetu alitueleza kuwa ipo njia ya miguu, ile yenye jina la mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, aliyekuwa akiipanda katika miaka ya 1880, na kwamba ni mwendo wa nusu saa. Tulianza kupanda saa sita mchana, mwezi wa Julai, tukiwa na chupa moja ya maji. Mawe yanateleza chini ya nyayo, vivuli ni haba, na joto linalotoka kwenye majabali hupiga usoni kama umeinamia jiko la mkaa. Baada ya dakika 40 mama aliketi juu ya jiwe, akavua kiatu, akanionyesha soli iliyoachia kuanzia vidoleni. "Mwanangu, kijiji hakihami," akasema. "Turudi." Tukarudi, nami nikiwa na hasira, kwa sababu anayemwambia mgeni nusu saa kwa mlima wa saa moja na nusu anaweza kumdhuru.

Jioni ile nilimnunulia mama raba, na asubuhi tukageuza safari: tulikwenda juu kwa basi kutoka Nice, tukashuka kijijini kabla watalii hawajajaa. Magari hayaingii katika vichochoro vyake, na mama, akipapasa kuta za mawe kwa viganja vyote viwili, alisema ni Mji Mkongwe wa Unguja uliopandishwa mlimani. Kileleni, ilipokuwa ngome iliyobomolewa mwaka 1706 kwa amri ya mfalme Louis wa 14, sasa kuna bustani ya mipungate. Kiingilio kinalipwa, lakini mandhari ya bahari kutoka pale yanastahili kila senti.

Kisha tukateremka kwa ile ile njia iliyotushinda jana, polepole, mama akinishika bega kwenye kona, mpaka tukafika kituoni na kupanda treni ya kurudi Nice. Usiku tulikula socca, chapati ya unga wa dengu inayookwa kwenye sinia kubwa la shaba na kunyunyiziwa pilipili manga. Mama aliionja, akasema ni binamu wa bajia zetu, akaagiza sahani ya pili.