Vuli ya Dodoma

"Binti yangu, hebu nisaidie. Dodoma tumeanza kupata vuli lini?"

Mzee aliyeuliza alikuwa mstaafu, mwenyeji wa Kongwa mkoani Dodoma, ameketi safu ya pili. Ilikuwa 2018, nawasilisha matokeo ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Ukutani projekta ilionyesha wastani wa mvua wa kila mwezi kwa vituo sita, Bukoba, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara na Tanga, katika grafu moja yenye paneli sita. Mimi paneli huziita vyumba, maana kila kituo kinakaa chumbani kwake. Nikageuka kutazama. Juu ya Novemba ya Dodoma limeandikwa "Vuli". Juu ya Aprili, "Masika". Na Mtwara hivyo hivyo. Na Mbeya.

"Maana kama imekuja," mzee akaendelea, "nipige simu nyumbani wapande."

Watu wakacheka. Msimamizi wangu hakucheka. Alivua miwani akaanza kuifuta. Jirani yake akauliza kama na tarakimu nazo zimekaa hivyo hivyo. Swali hilo liliniuma kuliko kicheko.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeipata grafu sawasawa, ndilo linaloudhi. Kazi niliifanya kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na ggplot2, kifurushi chake cha kuchora grafu. Kugawa vyumba ni mstari mmoja tu wa facet_wrap. Kuandika neno ndani ya chumba fulani na si kingine ndiko kulikonikesha, kwa kuwa mvua za mara mbili kwa mwaka ni za Bukoba na Tanga. Vituo vingine vinne vina msimu mmoja. Kwanza nilitumia annotate, ambayo haijui vyumba: ukiipa neno, inalibandika kote. Nikahamia geom_text yenye jedwali lake dogo la mistari minne: kituo, mwezi, urefu, neno. Kwenye "Bukoba" nikaacha nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho, na kompyuta ikanijengea chumba cha saba, hakina mvua hata tone, neno Masika linaelea peke yake. Saa nane usiku, nikacheka kama mwehu.

Urefu wa kuliweka neno nao ulisumbua. Nilipoweka 300, Masika ya Bukoba ikazama ndani ya nguzo ya mvua ya Aprili. Dawa ikawa kuandika Inf, yaani dari ya chumba, hata kama kila chumba kina kipimo chake, kisha vjust ya 1.5 neno lishuke kidogo. Likakaa vizuri. Ningelala hapo.

Sikulala. Nikaanza kunadhifisha jedwali, na kichwa cha safu nikakiandika "Kituo" kwa herufi kubwa, wakati kwenye data ya mvua ni "kituo". Kwa R hayo ni maneno mawili tofauti. ggplot2 ilipokosa safu ya kugawia haikulalamika. Ilirudisha maneno kwenye vyumba vyote sita. Nikahifadhi picha bila kuifungua.

Wakati wa chai nilikaa ukumbini na laptopu magotini, nikabadilisha herufi moja. Nikaongeza "Msimu" kwenye Januari ya vile vituo vinne, lakini Januari iko ukutani kabisa, M ikakatwa. Vyumba vinne vikasomeka "simu". Nikaweka hjust sifuri, neno likasogea ndani.

Mzee alipopita na kikombe nikampa shikamoo tena, nikamwonyesha. Akainama, akapitisha kidole kwenye Dodoma kutoka Juni hadi Oktoba, pale nguzo za mvua zinapokaribia kutoweka.

"Ehee," akasema. "Sasa hapa ni kwetu." Kisha akauliza chai ya maziwa iko meza ipi.