Aibu ya Kuomba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna jambo limenielemea. Ushirika wetu hapa Mbeya umekubaliana kwamba baadhi yetu tupande Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, na kila anayepanda atafute watu wa kumchangia. Kupanda siogopi. Ninachoogopa ni kumpigia mtu simu na kusema, "Ndugu yangu, naomba mchango."

Fedha hizo ni za nauli ya wanaohudhuria CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Takwimu tunazijua: utafiti wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Hao ni watu wa nyumbani kwetu. Dawa za ARV ni bure, bodaboda ya kutoka kijijini hadi kituoni si bure. Nauli ikikosekana dawa hukatika, na virusi huanza kuongezeka tena mwilini.

Nilijaribu kujifariji na Mathayo 6, "usipige panda mbele yako." Lakini panda ile ni ya mtu anayetaka asifiwe. Paulo, katika waraka wake wa pili, aliwaandikia Wakorintho sura mbili nzima, ya 8 na ya 9, akiwahimiza wachangie watakatifu wa Yerusalemu, wala hakuona haya, kwa sababu hakuwa akiombea tumbo lake.

Tena fikirini jambo hili. Mgonjwa wetu hawezi kusimama kanisani akaomba nauli, maana tutamuuliza anakwenda wapi. Akijibu, kesho mtaa mzima unajua. Ndiyo maana anakaa kimya, na kimya hicho kinamuua. "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu," inasema Mithali 31:8. Jamani, ni sisi tunaoambiwa! Tukiomba sisi, yeye anasitirika.

Na hapa niseme wazi, ingawa najua kuna atakayekwazika. Wapo wanaotaka kwanza kujua ni nani watakaosaidiwa. Mpendwa, jina la mgonjwa halikuhusu. Kama huwezi kutoa bila kutajiwa jina, tubu kwanza, kwa maana ulimi wa namna hiyo ndio uliowafukuza wengine kliniki.

Aliye na 1,000 alete 1,000. "Kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu." Bahasha ziko kwa mhazini. Msiandike majina, ya kwenu wala ya mtu mwingine.