Mbio za Ngamia Maralal, Kisha Loiyangalani na Chalbi

Mashindano ya ngamia ya Maralal, kaskazini mwa Kenya, yalianza mwaka 1990, na kwa kawaida huangukia Agosti. Tarehe huhamahama, na kuna miaka ambayo hayafanyiki kabisa. Usilipie chochote kabla ya kuthibitishiwa tarehe na serikali ya kaunti ya Samburu, au na mtu aliye pale mjini. Watu wengi hufika, hutazama mbio, kisha hugeuza gari kurudi Nairobi. Kwa maoni yetu hapo safari huwa imekatwa katikati. Maralal si jangwa: mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Agosti unataka sweta nzito. Tena Wasamburu kwa asili ni watu wa ng'ombe, na wengi wao wamegeukia ngamia kwa sababu ya ukame. Wenye ngamia tangu jadi, Warendille na Wagabra, wako mbele zaidi, ukiteremka kaskazini na mashariki.

Tuanze na mbio zenyewe. Zipo za wageni na wanaojifunza, takriban kilomita 10, na zipo za waliobobea, kilomita 42. Mgeni aingie zile fupi. Unakodi ngamia pamoja na mwenyewe, naye hukimbia kando akishika kamba. Patana mapema, mbele ya shahidi: je, bei ni ya siku ya mbio tu, au na jioni moja ya kujizoeza? Nani analipa ada ya kujiandikisha? Jioni hiyo ya mazoezi usiiache, maana ngamia asiyekujua hukaidi hasa pale watu wanapopiga kelele.

Kabla ya kukubali mnyama, omba matandiko yavuliwe. Pitisha kiganja kuzunguka nundu na nyuma ya miguu ya mbele, mahali mkanda unapopita. Ukikuta kidonda, au ngozi iliyotoka manyoya na yenye joto, kataa. Hata akianza vizuri atasimama njiani, na ana haki. Mtembeze hatua ishirini utazame nyayo. Unyayo wa ngamia ni laini, hauna kwato ngumu, na kokoto kali humchoma. Kulalamika kwa sauti anapopigishwa magoti si ugonjwa, wengi ndivyo walivyo. Lakini dume anayetoa povu na kuning'iniza kile kifuko chekundu kando ya mdomo yuko katika joto la kupanda majike. Huyo anauma, na anaweza kuua. Usimkaribie.

Wanaoanguka, wengi huanguka kabla ya mbio, ngamia anapoinuka. Huinua nyuma kwanza, nawe unarushwa mbele kuelekea shingoni. Halafu anainua mbele, unarudishwa nyuma. Kwa hiyo akianza tu kujikusanya, egemea nyuma, shika mti wa matandiko kwa mikono miwili, kisha rudi katikati. Akishuka hutangulia magoti ya mbele, basi egemea nyuma tena. Mkanda wa tumbo ukazwe mara mbili: akiwa amelala, halafu akiisha simama na kutembea dakika chache, kwa sababu tumbo hubadilika umbo na mkanda hulegea. Hakikisha kuna kamba ya kifuani na nyingine ya chini ya mkia. Bila hiyo kamba ya mkia, matandiko huteleza mbele kwenye mteremko wa kwanza, na wewe pamoja nayo.

Ngamia akitroti husogeza miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, ndiyo maana anakuyumbisha kushoto na kulia. Legeza kiuno umfuate. Ukijikaza, mgongo utakuuma kabla ya kilomita ya tatu. Mara nyingi hakuna pa kukanyagia, kwa hiyo miguu hufa ganzi. Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya paja, na kaptura ya kubana chini yake. Kwa zile za kilomita 42 kuna jambo jingine: mwili wa ngamia aliyekosa maji huweza kupanda kutoka nyuzi 34 alfajiri hadi karibu 41 mchana kabla hajatoa jasho la maana. Anayemsukuma sana mapema anamaliza nafasi hiyo yote ya kupokea joto, na jua likikaza mnyama anagoma.

Sasa barabara. Rumuruti hadi Maralal ni lami, kama kilomita 120, na ulaini huo ndio unaowadanganya watu. Baada ya Maralal hesabu ni nyingine. Hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ni takriban kilomita 230. Ukitazama ramani utadhani saa nne, kumbe ni siku nzima, na afadhali ulale Baragoi au South Horr. Suala la usalama si la kupuuza: eneo la Baragoi na bonde la Suguta lina wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na Novemba 2012 zaidi ya maafisa 40 wa usalama waliuawa huko kwa kuviziwa. Asubuhi ya kuondoka pitia kituo cha polisi Maralal, halafu waulize madereva wa malori walioingia kutoka kaskazini. Majibu yakipishana, subiri. Usiku usisafiri hata kidogo.

Jaza tangi Maralal. Mbele mafuta huuzwa kwa mitungi, na mara nyingine yana maji au mchanga, basi chuja kwa kitambaa safi. Maralal, Loiyangalani, North Horr hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 500. Gari la dizeli linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kufika lita 18 kwenye mchanga, maana yake lita 90 na akiba juu yake. Maji ya kunywa tunahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, na lita 20 za gari kando. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi; usiyatie kwenye rejeta wala betri.

Tairi ndizo huamua safari. Kwenye lami presha 36 (psi), kwenye kokoto zenye matuta 28, kwenye mchanga 18, na mwendo ushuke pamoja na upepo wa tairi. Kosa la kawaida hutokea ukikaribia ziwa: dereva ametoka mchangani, hajajaza tena, anaingia kwenye mawe meusi ya volkeno. Tairi iliyolegea hutuna ubavuni, jiwe likapasua pale pale, na ubavu hauzibiki kwa uzi wa pancha. Jaza hadi 30 kabla ya mawe hayo. Beba spea mbili, pampu ya umeme na ubao wa kuweka chini ya jeki, maana mchangani jeki huzama badala ya kuinua gari.

Loiyangalani upepo wa usiku haukawii. Egesha pua ya gari ikielekea unakotoka upepo, la sivyo mlango ukifunguliwa utapinda bawaba. Vigingi vya hema havishiki kwenye mawe yale. Funga kamba kwenye magurudumu.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Iliyo rahisi ni ile barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, kutoka Sarima hadi Laisamis, kisha lami mpaka Isiolo. Ya pili ni North Horr, Kalacha na jangwa la Chalbi hadi Marsabit, na hiyo ndiyo tunayoipenda, kwa sharti mvua isiwe imenyesha. Ukoko wa chumvi huonekana mgumu huku chini ni tope. Palipo rangi nyeusi pana unyevu, kwa hiyo fuata alama za malori, usijichoree njia yako. Ukihisi gari linazama, achia pedali ya mafuta mara moja. Gurudumu linalozunguka bure linachimba shimo. Toa tope nyuma ya tairi zote nne, shusha presha hadi 15, rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe.

Laga nazo, yaani mito mikavu ya msimu, hujaa maji ya mvua iliyonyesha milimani hata kama juu yako ni jua tupu. Usipige hema ndani yake. Vuka kwa miguu kwanza. Maji yakipita goti, zima gari usubiri, mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Ukifika Marsabit, jaza tairi, kaza nati za magurudumu na boliti za springi, na upulize vumbi kwenye filta ya hewa kabla ya kushika lami.