Gari iliyosahau kunyooka

Hii ilikuwa 2013, bado nina kigereji changu Buguruni, mafundi wawili na dogo mmoja wa kuoshea spea. Bimkubwa mmoja wa Upanga alikuwa anakodisha Benzi yake kwa maharusi, S-Class 300SE ya 1988, nyeupe, ile bodi W126, na akaja na malalamiko ya watu watatu kwa mpigo. Dreva wake mzee anasema usukani mzito, kupaki ukumbini anatoka jasho mpaka kola. Mpwa wake anasema hapana, umelegea, barabara ya Bagamoyo ukikata kushoto gari inajifikiria kwanza. Na dada wa bwana harusi alishasema wifi yake kafika ukumbini na kichefuchefu kwa vile gari inayumba.

Sasa mzito na umelegea kwa pamoja inakuwaje? Mimi nikaona hawa hawajui magari basi.

Dogo akataka tutoe pampu ya mkanda tufunge ya umeme ya Opel Astra, kaona kwenye video. Dalali wa Gerezani akaniletea stelingi boksi, boksi la usukani, kutoka Dubai, safi kabisa, bei ya kirafiki, ila kule usukani wa gari unakaa kushoto, kwetu kulia, ukilipeleka upande wetu mikono yake haikai. Nikaona bora boksi lile lile. Benzi hizo hazina reki, ile fito ya meno ya kukatia matairi, zina boksi la gololi, juu yake kuna skrubu ya kupunguza mchezo, yaani ulegevu wa usukani, nikaikaza robo mzunguko, nikajaribu, mchezo kwisha, nikaikaza tena kidogo kwa tamaa.

Jumamosi simu ikaita. Dreva katoka kipilefti cha Mnara wa Saa, bibi harusi yuko nyuma, kauachia usukani ujirudie kama alivyozoea, haukurudi, ukabaki umekata vile vile na gari ikaenda kupanda ukingo wa barabara mbele ya madreva wa bodaboda. Hakuna aliyeumia, kofia ya tairi tu ilichubuka.

"Fundi, gari yangu imesahau kunyooka," Bimkubwa akaniambia, taratibu kabisa. Angefoka ningepata nafuu.

Nikairudisha gereji, safari hii nikamkalisha yule mzee dreva na yule mpwa kila mtu kwa zamu yake, nikauliza mzito lini, umelegea lini. Mzee ni wakati wa kupaki tu. Mpwa ni kwenye mwendo tu. Kumbe magonjwa mawili! Sili ya pampu ilikuwa inavuja, oil inalowesha mkanda, mkanda unateleza, ndiyo uzito. Na ule mkono wa pili unaoshikilia fito za usukani upande wa abiria, bushi yake ilikuwa imekwisha kabisa, unacheza kama jino bovu, ndiyo kuyumba. Boksi nililolikaza halikuwa na kosa lolote.

Nikalegeza skrubu, nikabadili sili, mkanda na bushi, tukainyanyua mbele tukazungusha usukani mwisho hadi mwisho mpaka mapovu yakaisha kwenye oil. Pesa ya kazi sikudai, ningedai kwa mdomo gani.

Mzee kajaribu, kacheka. Mpwa kajaribu, akasema bado mzito kuliko Vitz yake, ile ya mota ya umeme unazungusha kwa kidole.

"Basi wape maharusi Vitz," Bimkubwa akamjibu, akachukua ufunguo.