Grupu la harusi lilivyotuhamisha Kibirizi

Mimi si mtu wa mitandao. Mtu wa mitandao ni mpwa wangu aliyeko Dar, na ndiye aliyenipotezea siku nne.

Masika ya 2024 Ziwa Tanganyika lilikuwa limeshameza vibanda vya mwaloni hapa Kibirizi, Kigoma, na sasa linanyemelea nyumba zetu. Wazee walikumbushia miaka ya sitini, lilipopanda vilevile. Ubaya wa ziwa letu ni kwamba halina haraka. Leo limesogea hatua moja, kesho nusu hatua, mtu anazoea, anatoa sufuria sakafuni anaziweka mezani, maisha yanaendelea. Kisha upepo unavuma usiku mmoja, na kazi ya wiki tatu inafanyika kwa saa mbili.

"Mjomba, fungua ukurasa Facebook, weka heshitegi, utaona watu watakavyokuja," mpwa akanishauri. Nikaandika TAARIFA KWA WANANCHI WOTE, herufi kubwa mwanzo mwisho, aya saba, picha tatu. Nikapewa pole kutoka Mwanza, nikapewa pole kutoka Oman, na mmoja akauliza kama bado nauza dagaa kwa jumla. Jirani wa mlango wa pili hakuiona. Ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe.

Ndipo nikakumbuka grupu la harusi la WhatsApp. Harusi ilikwisha Desemba, lakini grupu lilibaki kwa sababu kuna waliokuwa hawajamaliza ahadi zao, na mhazini ni mimi. Niwaambieni ukweli: hakuna daftari lenye namba za simu sahihi kuliko la mtu anayedai michango. Nikabadilisha jina, nikaandika ZIWA KIBIRIZI. Watatu wakatoka saa hiyohiyo, wakidhani nimegundua njia mpya ya kuwadai.

Siku ya pili ikaingia voisi, mama analia: Wakongo wameziba mto Lukuga, usiku huu maji yanapanda mita mbili. Juu yake kuna mishale miwili, maana imeshaforwadiwa mara nyingi, na kila aliyeituma alisema kaipata kwa mtu anayeaminika. Magodoro yakapanda paani. Mimi mwenyewe, msimamizi, nililala na viatu.

Asubuhi nikamfuata mzee mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi. Akacheka. Kweli Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji ziwani, unatokea kule Kalemie, lakini maji mengi ya ziwa huondoka na jua, si na mto. Na ziwa lenye urefu unaopita kilomita 600 halipandi mita mbili kwa usiku mmoja hata mto ukizibwa kwa zege. Nikamwomba arekodi. Akarekodi dakika sita, akianzia siku alipoajiriwa. Hakuna aliyeimaliza. Nikamrudia: "Babu, sema kama unamwambia mtu ambaye bodaboda inamsubiri." Ikatoka sekunde ishirini na kitu, Kiswahili kwanza, Kiha baadaye. Hiyo ndiyo ilishusha magodoro. Kijana mwingine alitaka kutuma picha ya mamba kitandani "kuchangamsha grupu", nikamkumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akachangamka mwenyewe.

Sasa fimbo, ambayo najivunia mpaka leo. Nilichimbia mti ukingoni, nikaupaka alama tatu za rangi nyekundu. Maji yakigusa ya pili, nyumba za mbele zinahama, hakuna mjadala. Kila asubuhi na jioni napiga picha natuma. Wakaanza: hiyo ya zamani. Sikuwalaumu, maana siku zile picha za mafuriko ya Rufiji na Uvira zilikuwa zinazunguka kila simu. Nikabandika karatasi yenye tarehe. Wakasema karatasi huandikwa chochote. Basi nikawaambia: kila usiku ninyi chagueni kitu, kesho mtakiona kwenye fimbo. Wakachagua sufuria nyekundu. Wakachagua kanga ya mke wangu, nikagombezwa. Siku moja shangazi mmoja, nadhani kwa kunikomoa, akaandika "jogoo".

Nikaazima jogoo. Nikamfunga kwenye fimbo alfajiri, ananidonoa, watoto wa mtaa mzima wananicheka. Picha ile iliangaliwa na kila mtu, hata wadaiwa sugu ambao hawajawahi kufungua ujumbe wangu. Na nyuma ya jogoo, maji yalikuwa yameshagusa alama ya pili.

Tulihama siku hiyo, nyumba kumi na moja, kirikuu moja na maguta mawili. Wenye simu kubwa kila mmoja alikuwa na nyumba tatu za viswaswadu za kwenda kubisha hodi, akimaliza anaandika "wamesikia". Utabiri wa upepo na mawimbi niliuchukua kwenye kurasa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa wenyewe, si kwa aliyeambiwa na shemeji yake. Jioni nikafunga grupu, maadmini tu ndio waandike, la sivyo "amina" na "poleni" zingeizika namba ya Zimamoto, 114. Picha nilizuia pia, kwa sababu bando za watu zilikuwa zimeisha. Maneno mawili yanafika pale picha inapozunguka tu. Umeme ulipokatika tulichaji kwa betri ya bodaboda. Gharama yote kama elfu arobaini, labda hamsini ukiweka soda ya mwenye jogoo.

Upepo ulikuja saa nane usiku. Nyumba mbili zilianguka, tupu. Godoro langu peke yake ndilo lililoloa, nilikuwa nahesabu "wamesikia" nikasahau kulitoa.

Mpwa alipiga wiki iliyofuata kunipongeza: ukurasa wangu umefikisha wafuasi mia mbili. Grupu sijalirudisha jina. Saba bado hawajalipa ahadi.