Nora Aunor katika chumba chetu cha Deira, Dubai

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2025, niliporudi kutoka zamu ya usiku, nilimkuta mwenzetu wa chumbani, mama wa makamo kutoka Bicol, Ufilipino, ambaye sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa, ameegemeza simu kwenye sufuria ya umeme ya wali, machozi yakimtiririka. Nilidhani amefiwa na mzazi. Alikuwa amefariki Nora Aunor, mwigizaji na mwimbaji wa Kifilipino, akiwa na umri wa miaka 71.

Tamthilia za Kifilipino nilikuwa nimezizoea tangu nyumbani Mombasa, lakini jina hilo lilikuwa geni kwangu. Ate akanisimulia. Nora alizaliwa Iriga mwaka 1953 katika familia maskini, na utotoni aliwauzia maji abiria wa treni, hadi aliposhinda shindano la uimbaji la Tawag ng Tanghalan mwaka 1967. Alikuwa mfupi na mweusi, wakati ambapo sinema za Manila ziliwapenda weupe wenye damu ya Kihispania au ya Kimarekani. "Rangi hii," Ate alisema akijigusa mkono, na sikuhitaji kutafsiriwa.

Wajuzi wa filamu humkumbuka zaidi kwa Himala ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ishmael Bernal, ambamo aliigiza kama Elsa, msichana wa kijiji chenye ukame anayedai kutokewa na Bikira Maria. Ate, hata hivyo, alituchagulia filamu nyingine Jumapili ya Pasaka, nasi tukajibana vitandani kuitazama: The Flor Contemplacion Story, ya mwaka 1995.

Flor alikuwa mfanyakazi wa ndani nchini Singapore, akanyongwa tarehe 17 Machi 1995 kwa kosa la kumuua Mfilipino mwenzake pamoja na mtoto aliyelelewa na huyo mwenzake. Wafilipino wengi hawakuamini kwamba alitenda kosa hilo. Hasira yao ilitikisa serikali, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria namba 8042 ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo. Nora alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Cairo kwa filamu hiyo, na kwa maoni yangu aliistahili kwa macho yake tu, kwa sababu panapomtaka mwigizaji mwingine apige mayowe, yeye hunyamaza akakutazama. Mimi niliyewahi kufanya kazi za ndani kabla ya kupata hii ya hotelini, pasipoti yangu ikiwa kabatini mwa tajiri, ukimya ule naujua.

Mwaka 2022 nchi yake ilimtangaza kuwa Msanii wa Taifa, na tarehe 22 Aprili 2025 akazikwa katika makaburi ya mashujaa, Libingan ng mga Bayani. Ate alifuatilia mazishi kwenye simu yake, sare ya kazi ikiwa tayari mwilini, hadi basi la kampuni lilipopiga honi chini.